Alama ya Bwana Posta

Kwa Mama Dobi nguo haikuguswa na maji kabla ya kushonwa alama. Alama yenyewe ilikuwa ndogo, nyuzi mbili tatu ndani ya kola au kwenye pindo la kiuno, mahali ambapo mwenye nguo haioni asipoitafuta. Vijistari viwili vya kijani vilikuwa vya mwenye duka la dawa. Mstari wa njano uliopinda mwishoni ulikuwa wa muuguzi. Nguo zikishafuliwa na kuchanganyika juu ya meza ya pasi, Mama Dobi alikuwa anapindua kola, anatupa jicho mara moja, na nguo inakwenda kwenye fungu lake. Hakuna kilichoandikwa popote. Alama zote zilikaa kichwani mwake, na kwa miaka mingi zilikaa vizuri.

Nguo za nyumbani kwake pekee ndizo hazikuwa na alama.

"Za nini?" alikuwa akisema. "Watu wakishachukua zao, kinachobaki ni chetu."

Binti yake aliitwa Kimya. Jina hilo alipewa na mjomba wake kwa utani akiwa mdogo, likamganda kama wanga kwenye kola. Shule aliiacha kabla ya kumaliza darasa la sita, na alikuwa mtu wa kusimama nyuma. Akiulizwa jambo mbele ya watu, ulimi ulikuwa mzito na masikio yakawaka moto. Kwa hiyo nyuma palikuwa pake: mabeseni, sabuni, kamba za kuanikia. Mbele, kwenye kaunta, palikuwa pa mama yake, aliyekuwa na maneno kuliko redio. Kazi ilikwenda hivyo na hakuna aliyelalamika.

Kisha Mama Dobi akaanza kuumwa kichwa, maumivu ya asubuhi yasiyosikia dawa. Picha zikaonyesha uvimbe. Madaktari wakafungua, wakatoa walichoweza, na kilichobaki wakasema kitapigwa mionzi. Daktari wa mionzi, mama mmoja mpole aliyekuwa akiongea taratibu, aliwaketisha yeye na Kimya na kuwaambia ukweli.

"Mionzi tunailenga kwenye uvimbe, lakini inapita pia kwenye sehemu iliyo nzima. Na huu uvimbe wako umekaa karibu na mahali ambapo ubongo unahifadhi mambo mapya. Huenda pakaumia. Hutaona leo wala kesho. Pengine baada ya miezi, pengine zaidi."

"Na nisipopigwa?"

Daktari alikunja mikono juu ya meza. "Uvimbe utakua tena."

Mama Dobi alimtazama binti yake, akamtazama daktari. "Basi piga pasi, daktari. Lakini usiniache juu ya moto ukaenda kupiga soga."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Walimtengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu matundu. Plastiki ililainishwa kwenye maji ya moto, ikalazwa usoni pake mpaka ikachukua umbo la pua, mashavu na kidevu, kisha ikapoa ikawa ngumu. Kila siku ya matibabu alilazwa, akafunikwa nayo na kubanwa kitandani ili kichwa kisitikisike, watu wote wakatoka, mashine ikavuma. Hakusikia maumivu yoyote. Alichosikia, alisema, ni harufu ya ajabu kama ya waya ulioungua, na hamu ya kujikuna pua. Matibabu yalipokwisha aliomba apewe ile barakoa. Akaitundika ukutani kwenye msumari, uso chini kama bakuli, na ndani yake akatia vibanio vya nguo.

"Uso wangu umepata kazi," aliwaambia wateja.

Baadhi ya wateja hawakucheka. Maneno yalianza mtaani kwamba Mama Dobi amejaa mionzi, kwamba anayevaa nguo alizozigusa ataota vipele. Muuguzi aliwaambia watu mpaka akachoka kwamba mionzi ile haibaki mwilini, kwamba mashine ikizimwa na yenyewe imekwisha, kama taa. Waliomwamini walibaki. Wengine wakaanza kufua wenyewe.

Nywele ziliota, chunusi za dawa zikaisha, uzito ukarudi. Ilionekana wamevuka. Halafu, kidogo kidogo, kama maji yanayopita chini ya mlango, ile shida aliyoitaja daktari ikaingia.

Kwanza ilikuwa mkasi. Mama Dobi aliuweka, akautafuta, akaukuta mfukoni mwake. Hilo kila mtu linampata. Kisha akawa anauliza jambo, anajibiwa, na kabla chai haijapoa anauliza tena kwa sauti ileile, bila wasiwasi wowote. Siku moja pasi ilisahauliwa juu ya meza, ikatoboa blanketi la kupigia pasi na kuacha ubao mweusi. Tangu siku hiyo Kimya alikuwa anapitisha mkono juu ya pasi kila anapopita, kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa alama. Zile za zamani mama yake hakukosea hata moja. Lakini mteja mpya alipokuja, Mama Dobi alimpokea kwa bashasha, akamchagulia alama, akaishona kwa mkono usiotetemeka, na kesho yake akapindua kola na kuuliza, "Hii ya nani?" Akaambiwa. Keshokutwa, "Hii ya nani?" Suruali ya mwalimu mgeni ilikwenda kwa mwenye duka la dawa. Gauni la msusi halikuonekana kabisa.

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Alikuwa fundi wa mafriji, mkubwa wa mwili na wa sauti, na alimpenda dada yake kupita kiasi. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, mashati yaliyoning'inia yakimgusa kichwa.

"Mdogo wangu, inatosha. Utakuja kwangu. Chumba kipo, kiti kipo, televisheni ipo. Utapumzika."

"Nitapumzika na nini? Mikono yangu nitaiweka wapi?"

"Utaiweka mapajani kama wenzako."

"Kaka, ukinikalisha kwenye kiti mchana kutwa, baada ya mwezi mtakuwa mnanifuta vumbi."

Mjomba alicheka bila kutaka, kisha akakaza uso. "Sikiliza. Nguo nyingine ya mtu ikipotea hapa, mlango huu naufunga mwenyewe. Nasema mbele ya Kimya awe shahidi."

Kimya alimwona mama yake anavyogeukia meza, anavyochukua shati la mtu na kulinyoosha bega kwa bega, na jinsi uso unavyotulia mara kiganja kinapogusa kitambaa. Kwenye ile meza, mama yake alikuwa mama yake. Nje ya ile meza alikuwa mtu anayetafuta mkasi. Kimya alijua kwamba siku mlango utakapofungwa hatabaki hata huyo mmoja.

Walipokwenda kliniki, alijikaza akamuuliza daktari swali moja, macho yakiwa sakafuni. "Alama za zamani anazijua zote. Kwa nini mpya hazikai?"

"Ya zamani yalishakaa mahali pake, tena yamerudiwa mara nyingi," daktari alisema. "Mapya ndiyo yanakosa pa kushika. Mfanyieni mambo yawe rahisi, yawe yaleyale kila siku."

Kimya aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani. Ya zamani yamekaa, mapya hayana pa kushika. Basi, akawaza, nikiyapa mapya kitu cha zamani cha kushika?

Wiki hiyohiyo akaja mteja mpya, kijana aliyekuwa ameajiriwa benki na bado hajaanza. Alileta mashati ya buluu mpauko, yote ya aina moja, akayaweka kwenye kaunta kama mtu anayelaza kichanga.

"Nimesikia hapa nguo zinatoka na mionzi," alisema, macho yakicheka. "Yakiwaka gizani nitashukuru, kwetu umeme unakatika."

"Yakiwaka utalipa zaidi," Mama Dobi alimjibu papo hapo. "Unaanza lini kazi?"

"Jumatatu, mama."

"Jumamosi yako tayari."

Alipogeuka kutafuta uzi, Kimya alikuwa ameshautunga kwenye sindano. Nyumba ya Bwana Posta, mpeleka barua wa zamani mwenye mguu mbovu, alama yake ilikuwa msalaba mwekundu wenye kishina cha buluu. Bwana Posta alikuwa amefariki baada ya Mama Dobi kumaliza mionzi. Nguo zake hazikuja tena, alama ilikuwa imekaa bure. Na yeye pia alivaa mashati ya buluu mpauko maisha yake yote. Kimya alishona msalaba mwekundu na kishina cha buluu ndani ya kila kola, na moyo ukamwambia kwamba kwa mara ya kwanza amekuwa mjanja.

Na kweli ilifanya kazi. Mama Dobi alipindua kola na hakuuliza. Aliweka mashati kwenye fungu lake, akapiga pasi akiimba kwa pua. Kesho yake hakuuliza. Kimya alikuwa anaanika huku anatabasamu peke yake kwenye mashuka ya watu.

Jumamosi asubuhi alitoka kwenda kununua sabuni. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, rafu ilikuwa wazi pale palipokuwa na mashati, na mama yake ameketi kwenye kiti cha mlangoni, jasho limemtoka, furaha imemjaa.

"Umenikosa! Nimetembea mwenyewe mpaka kwa Bwana Posta, sikupotea hata kona moja. Nimempa mke wake mashati."

Ndoo ya sabuni ilimtoka Kimya mkononi. "Amesema nini?"

"Amefurahi mpaka akalia. Mtu analilia mashati, umeona wapi?"

Kimya alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Mama yake alikwenda msibani kwa Bwana Posta. Alikaa na mjane mchana kutwa, akarudi macho yamevimba. Lakini msiba ule ulikuwa jambo jipya, na jambo jipya halikuwa limepata pa kushika. Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa Bwana Posta mzima, anayetoa jasho shingoni, anayehitaji mashati safi ya Jumatatu. Na aliyemfufua ni Kimya, kwa sindano na uzi.

Kabla hajainuka, mlango ulizibwa na watu wawili. Mjomba alikuwa amepitia kumwona dada yake, na nyuma yake kijana wa benki, amekuja na mfuko.

"Nimefuata mavazi ya kifalme," kijana alisema.

Mama Dobi alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu uliyemwona mahali. "Karibu, mwanangu. Jina la nyumba?"

Kijana alicheka, kisha akaacha. "Mashati ya buluu, mama. Ya benki. Nilileta mwenyewe."

Mama Dobi aligeukia rafu. Aliangalia pale palipo wazi. Akapindua kola za nguo zilizobaki, moja baada ya nyingine, na kila aliyoipindua ilikuwa ya mtu mwingine. Mikono ikaanza kwenda haraka. "Yalikuwa hapa," akasema. "Au sikuyapokea?"

Mjomba alifumba macho. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi, mdogo wangu. Basi. Kusanya vitu vyako twende."

"Ni mimi," Kimya alisema.

Walimgeukia wote watatu, kwa sababu ilikuwa kama kabati limeongea. Masikio yalikuwa yanamwaka, ulimi ulikuwa mzito vilevile, lakini aliusukuma. "Ni mimi niliyeshona alama ya Bwana Posta kwenye mashati yake. Nilitaka asisumbuke kuuliza. Mama ameisoma alama sawasawa. Amepeleka mashati pale alama inaposema. Hajakosea, mjomba. Nimekosea mimi."

"Bwana Posta yupi?" mjomba aliuliza. "Si alishakufa?"

Mama Dobi aliweka mkono juu ya meza ya pasi, pale ubao ulipoungua.

"Amekufa?" alisema. "Bwana Posta?"

"Mwaka jana, mama," Kimya alisema. "Ulikwenda kumzika. Ulikaa na mkewe."

"Nilikaa naye?"

"Mchana kutwa."

Mama Dobi alikaa. Alimlilia Bwana Posta bila sauti, kwa machozi mapya kabisa, na kijana wa benki akavua kofia yake bila kujua afanye nini nayo. Baada ya muda alijifuta kwa upande wa kanga, akainuka.

"Twende," alimwambia binti yake. "Nimempelekea mwenzangu marehemu mlangoni. Siwezi kukaa."

"Utasahau njiani tumefuata nini," mjomba alisema, na mara akajutia.

"Nitasahau. Ndiyo maana yeye anakuja."

Njiani aliuliza mara mbili wanakwenda wapi, na mara zote mbili Kimya alimwambia, na ya pili iliuma kama ya kwanza. Walipofika kwenye kona ya nyumba ya Bwana Posta alimshika binti yake kiwiko. "Usinyamaze leo. Nikipotea katikati ya maneno, wewe malizia."

Mjane alifungua kabla hawajabisha mara ya pili. Kimya alimwamkia, akaanza kumwaga maneno yote aliyoyapanga, alama, mashati, kijana wa benki, samahani, samahani tena. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaingiza ndani. Mashati yalikuwa yametundikwa kwenye mlango wa kabati, yamenyooka, moja nyuma ya jingine.

"Nilijua tangu nilipoyashika," alisema. "Angalia kiuno hiki. Mume wangu asingeingiza hata mkono."

Mama Dobi aliangalia kiuno cha shati, akamwangalia mjane, na wote wawili wakaangua kicheko kisichokuwa na adabu yoyote.

"Sasa kwa nini ulipokea?" Mama Dobi aliuliza, anafuta macho.

Mjane aligusa mkono wa shati lililokuwa mbele. "Uliniuliza mguu wake unaendeleaje. Tangu azikwe, watu wakiingia humu wanamkwepa kama shimo. Wanazungumza bei za vitu. Wewe umesimama pale mlangoni ukaniuliza mguu unaendeleaje, nikakujibu unaendelea vizuri. Nikalia. Halafu nikayatundika, nikasema yakae mpaka mchana."

Kimya, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumalizia maneno, hakupata la kumalizia.

Mjane alikunja mashati mwenyewe, vizuri, kama mke wa mtu aliyevaa sare. Alipomkabidhi Kimya alisema, "Ila alama yake msimpe mtu mwingine."

"Naifumua leo," Kimya alisema.

Waliporudi, mjomba na kijana walikuwa bado wapo. Kijana alipewa mashati yake na kuambiwa asubiri kidogo. Kimya alifumua nyuzi kwenye kila kola mbele yake, palepale kaunta, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Akamwambia bei, akamwambia siku ya kurudi, akamwuliza jina la nyumba yao. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"Haya," mjomba alisema kijana alipoondoka. "Nguo zimepotea au hazikupotea?"

"Hazikupotea, kaka," Mama Dobi alisema. "Zilikwenda kusalimia."

"Usinifanyie mzaha. Na kesho je?"

Mama Dobi alikuwa ameshaanza kunyoosha shuka la mtu mezani. "Kesho sitakumbuka mengi. Najua. Huwa najua, msidhani sijui. Lakini mikono yangu inakumbuka, na huyu ana mdomo. Tumeusikia leo. Yeye akae mbele, apokee, atoe. Mimi nipe pasi na sindano. Na pasi awashe yeye, azime yeye."

Mjomba alimgeukia Kimya. "Wewe utaweza kusema na watu?"

"Sitaki," Kimya alisema. "Lakini nitasema."

"Tutaona," mjomba alisema, na alipotoka hakufunga mlango.

Jioni, walipokuwa wanakusanya vibanio na kuvirudisha kwenye ile barakoa ukutani, Kimya aliona mama yake amevua kanga ya mabegani na kugeuza kola ya gauni lake mwenyewe. Anashona. Kimya alisogea. Ulikuwa uzi mweupe na uzi mweusi, zimesokotwa pamoja, alama ambayo haikuwa ya nyumba yoyote.

"Ya nani hiyo, mama?"

"Yetu."

"Zetu si hazina alama? Si ndizo zinazobaki?"

Mama Dobi alikata uzi kwa meno. "Sina hakika tena kama nitabaki kila siku mahali nilipo. Leo nimetembea sikupotea. Siku nyingine itakuwa nyingine. Nikionekana mahali sijijui, wageuze kola, waulize mtaani alama hii ya wapi, wanirudishe kwako." Akamvuta binti yake kwa shingo ya blauzi, akaigeuza, akaanza kumshonea ileile. "Simama vizuri. Na wakinirudisha, usinitie wanga."

"Sitakutia."

"Hii ya nani?" mama yake aliuliza baada ya kitambo, sindano imesimama hewani, anaangalia nyuzi mbili ndani ya kola ya binti yake.

"Yetu," Kimya alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Sindano ikaendelea.